Mamba Aliyechukua Kofia

Kazi yangu ni kufunga upya waya za mota zilizoungua. Mota ikiletwa kwenye karakana yangu, hapa mtaani Bel-Air, kwanza sikati kitu. Nachora jinsi waya zilivyopangwa, nahesabu mizunguko ya kila koili, napima unene wa waya, naandika yote, ndipo nakata. Sikujifunza hayo shuleni. Mzee mmoja wa reli, jirani ninayetenganishwa naye na ukuta mmoja, alinipa kitabu cha umeme cha Kifaransa nilipokuwa kijana, kisha akakaa nami kila Jumapili baada ya misa mpaka nikaweza kusoma michoro yake bila kumuuliza. Yeye alikuwa fundi wa vichwa vya treni. Alipostaafu alibaki na vitu viwili vya kazini: kikohozi, na kofia ya bluu yenye ukingo mweusi. Kofia hiyo aliivaa kila alipotoka, hata kama anakwenda kununua chumvi tu.

Mkewe alipofariki, aliivaa siku ya maziko. Aliporudi aliitundika msumarini, na ikabaki pale.

Wakati huo nilikuwa mmoja wa wajitolea wa kituo cha afya cha mtaa wetu. Muuguzi mkuu, mama mwenye sauti ndogo na subira kubwa, alikuwa ametukusanya watu saba barazani akatuambia wazi.

“Dawa ya malaria niko nayo,” alisema. “Dawa ya presha niko nayo. Lakini muntu anakuja hapa, kichwa inamuuma, usingizi haipatikane. Ukimuuliza muzuri, unakuta mwenye nyumba anamufukuza, ao kazi iliisha, ao hana muntu wa kusema naye. Kidonge ya ile miye sina. Mweye njo munajua kwenye iko.”

Nilipenda maneno hayo, kwamba sisi ndio tunaojua dawa hiyo ilipo, kwa sababu yalikuwa kama kazi yangu: kabla ya kulaumu mota, tazama umeme unaoifikia. Nikanunua daftari nene. Upande wa kushoto niliandika shida, upande wa kulia niliandika nani mtaani anaweza kuipunguza. Mtaa wetu, nikagundua, ulikuwa na utajiri ambao hakuna aliyekuwa ameuandika. Mkuu wa barabara, mjumbe wa nyumba zetu, alijua kusema na wenye nyumba wakapoa. Mama mmoja aliyewahi kufundisha shule ya msingi alisomesha watu wazima chini ya bati la nyumba yake, na wanafunzi wake walilipa kwa kumfulia. Nyuma ya parokia kulikuwa na bustani ya lengalenga, yaani mchicha, ambapo wanawake walioachwa walilima pamoja, na kelele zao zilisikika mpaka barabarani. Kila mtu tuliyemtembelea alipewa ukurasa wake, na juu ya ukurasa niliweka umri, asili, ukoo, dini, kazi.

Mzee wangu alikuwa ukurasa wa kumi na nne.

Kwake nilifanya kazi kwa bidii kuliko kwa wengine wote. Nilipanga ratiba ili siku isipite bila mgeni. Wageni walifika kwa saa, wakavua viatu mlangoni, wakakaa, wakaguna. “Pole, papa.” “Kuraje, papa, ujikaze.” “Mungu iko.” Walizungumza kwa sauti ya chini kama watu walio karibu na mtoto aliyelala. Bwana mmoja wa kwaya alilia mwenyewe, ikabidi nimsindikize nyumbani. Mzee aliwashukuru wote. Halafu akaanza kuwashukuru bila kugeuza uso kutoka ukutani. Halafu akaacha kushukuru. Muuguzi alikuja kumpima, akampeleka kwa daktari, akapewa dawa, na mimi nikaambiwa niandike mambo mawili tu kila siku: amekula? ametoka? Kwa wiki tatu niliandika: kidogo, hapana. Kidogo, hapana.

Ndipo binti yake wa pekee akapiga simu kutoka Mitwaba, ambako ameolewa na mfanyabiashara. Alisema kwa upole kwamba mwisho wa mwezi atakuja na gari la mizigo, amchukue baba yake, nyumba ifungwe. Binti anayemhurumia baba yake hakosi. Lakini mzee hakuwa amewahi kuishi Mitwaba, na hakutaka kwenda. Nilipomfikishia habari hiyo, alisema sentensi moja tu.

“Treni haifike kule.”

Kisha akajifunika. Nilirudi karakanani nikahesabu mizunguko ya koili moja mara tatu, na mara zote tatu nikapata idadi tofauti.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Siku hiyo mama mmoja muuza samaki aliniletea mota ya kinu chake cha kusagia mahindi. Alikuwa mtu wa Kasenga, mpana, mwenye kitenge cha manjano na harufu ya samaki wa kukaushwa iliyoingia karakanani kabla yake. Alikataa kuniachia mota na kuondoka. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Nyuma ya ukuta mzee alikohoa.

“Nani ule anakohoa?” akauliza.

“Muzee moja wa reli. Iko na mawazo tangu bibi yake alikufa. Hatoke, hakule muzuri.”

“Muntu wa wapi?”

Mimi si mtu wa kubahatisha. Nikafungua daftari, nikasoma ukurasa wa kumi na nne kwa sauti: “Mama yake alitoka upande wa Kasenga. Ukoo: Samaki.”

Alisimama mpaka ndoo ikaanguka.

“Samaki? Miye niko Mamba! Samaki yangu inaoza nyuma ya ukuta, na mweye munakaa kimya?”

“Mama, tunamutembelea kila siku. Bantu wanakuja, banamupa pole.”

“Pole! Munamupelekea bantu ba kulia, ye mwenyewe njo iko na machozi mingi. Fundi, weye unasoma bitabu, lakini akili uliacha wapi?”

Alikuwa sawa. Kwa asiyejua: koo za upande wa mto Luapula, Kasenga ikiwemo, huenda kwa jozi. Mamba hula samaki, kwa hiyo watu wa Mamba na watu wa Samaki ni watani, banungwe kama tunavyowaita. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu, kuchukua kitu chako, hata kucheka katikati ya matanga yenu, na wewe ni mwiko kukasirika. Unaruhusiwa kulipiza, basi. Hayo niliyajua tangu utoto. Ukoo wa mzee niliuandika kwa mkono wangu, kwa wino, kwa sababu fomu yangu ilikuwa na nafasi ya kuujaza. Sikuwa nimeusoma.

Mama alikwisha fika mlangoni mwa mzee. Nikamkimbilia.

“Mama, upige hodi kwanza!”

“Mamba inapigaka hodi ku maji?” akajibu, akaingia.

Mzee alikuwa amelala kwenye mkeka, uso ukutani. Mama hakuvua viatu. Alifungua dirisha kwa kishindo, akashika kiuno.

“We kambale! Unaoza! Harufu inafika mpaka ku barabara. Miye natoka Kasenga na njaa yangu, nafika hapa nakuta chakula imeharibika!”

Nilitamani ardhi inimeze. Nilianza kutafuta maneno ya kuomba radhi, na nilikuwa nimefika “Papa, usamehe” pale niliposikia sauti kutoka ukutani, kavu kama mlango usiofunguliwa muda mrefu.

“Nani aliacha mulango wazi, mamba ikaingia?”

“Mulango iliachwa na mujinga wako wa hapa,” mama akasema, akininyooshea kidole.

“Ule?” Mzee akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuona macho yake baada ya siku nyingi. “Ule nilimufundisha miye. Naona haya.”

Mama hakungoja zaidi. Aliinua mkono, akaitoa kofia ya bluu msumarini, akaivaa juu ya kilemba chake.

“Hiyo, acha!” mzee akasema, akainuka kwa kiwiko.

“Uko na miguu? Fwata. Soko unaijua. Meza ya tatu kutoka ku lango.”

Akatoka, kofia kichwani, mota yake akaisahau kabisa.

Siku mbili zilipita. Niliandika: amekula, hapana. Amekula zaidi, hapana. Usinichukulie kuwa mtu wa matumaini mepesi; nilidhani tumempoteza na kofia yake pia. Siku ya tatu asubuhi nilisikia kitasa. Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, shati limepigwa pasi upande mmoja, shavu moja limenyolewa.

“Wembe yangu ilikufa katikati,” alisema. “Niazime yako. Naenda kuchukua kofia.”

Tulikwenda taratibu. Alisimama mara nne kupumua, na kila mara alijifanya anatazama ubovu wa barabara. Meza ya tatu kutoka langoni, mama alikuwa anauza huku amevaa kofia ya reli, na alipotuona alipiga kelele mpaka wauza nyanya wakageuka.

“Muone! Samaki inakuja yenyewe! Mulishaona wapi?”

Nilingoja mzee aidai kofia. Hakuidai. Alisogea mezani, akatazama samaki mmoja mmoja kama zamani alivyokagua magurudumu, akamwinua mkubwa kuliko wote kwa mikono miwili, akamkumbatia kifuani.

“Mujomba!” akalia. “Mama zangu, huyu ni mujomba wangu! Muliua mujomba wangu, na munamuuza mbele ya bantu!”

Wauzaji wa meza zote wakashika vichwa. Mmoja akaanza kuomboleza kwa sauti ya kweli, mwingine akajifunga kitenge kama mfiwa, mteja aliyekuwa anapatana bei akaulizwa kwa ukali kwa nini hatoi pole. Mzee alizunguka na samaki wake akipokea rambirambi. “Alikuwa mujomba muzuri,” alisema. “Hakuwa na mifupa mingi.” Hapo mama mwenyewe akaketi chini, kofia ikamwangukia machoni, akacheka mpaka akakosa pumzi. Mzee akatabasamu, kisha mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka kwa sauti niliyokuwa nimeisahau. Kikohozi kikaingia katikati, akakohoa, akaendelea kucheka.

“Leta kofia,” akasema mwishowe.

“Hapana. Maziko njo ya nani? Mamba njo anazikaka Samaki. Nikizika mujomba, utapata kofia.”

Wakamzika nyumbani kwa mzee adhuhuri hiyo, ndani ya sufuria, na nyanya na vitunguu. Tulikula na bukari, yaani ugali, watu wanane. Niliandika: amekula, ametoka. Kisha nikaona rekodi hiyo haitoshi, nikaongeza: ameniambia bukari niliyosonga mimi inafaa kuziba matundu ya ukuta.

Kofia hakupewa. Kesho yake alikwenda kuidai, na siku iliyofuata. Mama alikuwa na sababu mpya kila mara: matanga hayajaisha, kofia inafuliwa, kofia imeolewa. Mzee alipeleka visasi vyake. Alimfungia kiti kwenye mguu wa meza kwa waya wangu. Aliwatangazia wateja kwamba mizani inasema ukweli siku za sikukuu tu. Akiwa pale, alianza kumsaidia kupanga samaki, na kwa kuwa ni fundi, akaitengeneza mizani kweli. Muuguzi nilimweleza yote kwa utaratibu. Aliandika kwa muda mrefu, akaniuliza kama ninamjua mtani wa ukurasa wa sita. Akasisitiza pia kwamba mzee asiache dawa, na hakuziacha. Utani haukumrudishia mkewe. Jioni nyingine bado alikaa kimya kabisa, nami nilikaa naye. Lakini asubuhi alikuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kugombana naye.

Mwisho wa mwezi binti alifika. Nilikuwa ndani ya mota ya watu niliposikia kilio. Alikuwa amekuta nyumba imefungwa, na kwa dirisha aliona msumari mtupu bila kofia na mkeka umekunjwa. Alikuwa amejitupa kizingitini, na dereva wa gari la mizigo amesimama na masanduku matupu mikononi, hajui ayaweke wapi.

“Baba yangu alikufa wakati gani? Juu ya nini hamukunipigia?”

“Dada, hakufa. Iko ku soko.”

“Anafanya nini ku soko?”

Nilifikiri jibu sahihi. “Iko anatukanwa,” nikasema.

Nilimpeleka. Aliona kwanza kofia, kwenye kichwa cha mwanamke asiyemjua, akasimama ghafla. Kisha akamwona baba yake nyuma ya meza, shati safi, anamweleza mteja kwamba muuzaji huyu humla mtu akiwa hai, kwa hiyo anunue upesi aondoke. Binti alifunika mdomo kwa viganja viwili. Mzee akamwona.

“Mutoto wangu! Karibu. Usisogee sana, kuko mamba.”

Binti alimshika baba yake shingoni, akalia na kucheka kwa pamoja. Alipotulia, na baada ya kusimuliwa maziko ya mjomba, aligusa samaki mmoja mkubwa, akasema kwamba basi na yeye ni wa nyumba hii, apewe mjomba wake.

Mama wa Kasenga alimtazama juu mpaka chini.

“Mama yako alikuwa wa ukoo gani?”

“Wa Udongo.”

“Kumbe hauko Samaki. Ukoo ni ya mama. Weye unalipa.”

Alilipa. Alikaa nasi siku tano, na kila asubuhi alimwangalia baba yake akiondoka kwa haraka ili asichelewe matusi. Kuhusu kufunga nyumba hakusema tena. Siku ya kuondoka alimwendea mama wa Kasenga kando, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alimwomba, kwa heshima zote, amrudishie mzee kofia yake, kwa kuwa ilikuwa ya kazini na ameitunza miaka mingi.

Mzee alikuwa amesikia pia.

“We mutoto,” akamwambia, “mambo ya bakubwa usiingilie.”

Gari la mizigo likaondoka kuelekea Mitwaba, na masanduku yale yale ndani yake, safari hii yamejaa samaki wa kukaushwa.