Mstari wa Mwisho wa Barua ya Mwalimu

Kwa miezi mitatu nilitengeneza kifurushi kimoja cha Linux ambacho hakuna aliyeniomba. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi hakuna, na nilitaka jina langu likae mahali watu wataliona.

Linux ninayoizungumzia ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, unaotengenezwa na watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia. Kila programu inayoingia humo hufungwa kama kifurushi, kwa sheria ndefu kuliko katiba ya kanisa letu. Changu kilikuwa cha kukagua tahajia ya Kibukusu: ukikosea neno, linapigwa mstari mwekundu. Maneno yenyewe hayakuwa yangu. Aliyakusanya mwalimu mstaafu anayeishi kwa bintiye, ghorofa moja chini yetu hapa Kileleshwa, kwanza kwenye madaftari, baadaye kwenye kompyuta. Nilipomwomba, alinipa faili zake zote akasema, "Chukua, tumieni."

Sheria inataka kila kifurushi kiwe na ukurasa unaoeleza kila kilichomo ni cha nani, na ameruhusu kitumike kwa masharti gani. Niliujaza nikiwa na raha zangu. Niliandika jina la mwalimu, nikamchagulia leseni huria niliyoipenda mimi, ile inayomruhusu mtu yeyote kunakili, kubadilisha na hata kuuza. Mimi ambaye hurudi mara tatu kuangalia kama nimefunga gesi, hilo sikurudi kuliangalia.

Sina haki ya kupakia kitu mwenyewe. Anayenipakilia ni mdhamini wangu, jamaa anayefanya kazi kwenye ofisi moja Upper Hill na ambaye amekuwa kwenye kazi hii ya Linux tangu mimi niko sekondari. Changu alikuwa ameshakipakia, na zilibaki siku tano mlango wa kuingia toleo jipya ufungwe. Ukikosa hapo, unangoja miaka. Siku hiyo aliandika kwenye jukwaa la barua pepe, mbele ya watu wote: "Mwenye maneno haya ameruhusu wapi? Tuone maandishi yake, la sivyo kifurushi kitolewe. Wanaoanza hudhani sera ni mapambo."

Namba yangu anayo. Wiki hiyohiyo tulikuwa tumekunywa chai pamoja Hurlingham, akala samosa zangu mbili. Angeweza kuniuliza pale.

Nilisoma ujumbe ule mpaka nikaukariri. Mtu wa nchi nisiyoijua alijibu kwamba anaunga mkono, neno moja tu, na nilimchukia siku mbili nzima. Nilimtungia uso. Nilimtungia hata kicheko. Nilifungua na kufunga jibu langu mara nyingi, nikiwaza kama "asante" itaonekana unafiki na "sawa" itaonekana kiburi. Mwishowe sikujibu. Nilichapisha ule ukurasa wa leseni kwenye karatasi nikashuka kwa mwalimu ili aniandikie ruhusa.

Aliusoma polepole, miwani puani.

"Hapa imeandikwa nimeruhusu wauze. Niliruhusu lini?"

"Mwalimu, ulisema tutumie."

"Kutumia na kuuza ni kitu kimoja?"

Nikaanza kumweleza kwamba hakuna anayeuza kwa kweli, ni sheria tu, kwamba bila hilo hawakubali. Alinikata.

"Kuna mtu alichukua notisi zangu za darasani akachapisha kijitabu. Unajua nilikiona wapi? Tom Mboya Street, kwenye lami, na nikakinunua kwa pesa zangu. Sasa wewe, kijana wa juu hapa, unaniandikia sahihi bila kuniuliza?"

"Sikuandika sahihi, Mwalimu. Niliandika jina."

"Jina la nani?"

Alichukua karatasi, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni kwamba maneno ni yake, kwamba watu wote wa dunia wanaruhusiwa kuyatumia na kuyarekebisha. Akatia sahihi. Kisha, chini ya sahihi, akaongeza mstari mmoja: Yasiuzwe na mtu yeyote. Akanipa bila kunitazama.

Nilijua mstari ule umeua kifurushi. Sheria haikubali sharti kama hilo hata likitoka kwa malaika. Kesho yake saa saba nilimpelekea mdhamini barua ile kwenye kibanda anakokula mchana, nyuma ya ofisi yao. Aliisoma huku akitafuna.

"Boss, hii iko sawa. Piga picha, kata hapo chini. Sahihi inabaki juu, si unaona?"

"Na mstari wa mwisho?"

"Mstari gani?" Akacheka. "Buda, hao wa jukwaani hata hawajui Kiswahili. Huyo mzee atajua aje?"

"Wewe ndiye ulisema sera si mapambo."

"Hiyo nilisema huko. Hapa nakusaidia. Wewe unafikiria sana, hiyo ndiyo shida yako."

Nilitamani kumwagia supu yake. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikibishana naye peke yangu njia nzima. Na kila nilipomshinda, nilikumbuka kwamba aliyeandika uongo wa kwanza hakuwa yeye.

Niliweka barua nzima jukwaani, pamoja na tafsiri ya kila mstari. Nikaeleza kwamba mwenye maneno hakuwahi kukubali leseni ile, niliiandika mimi. Nikaomba kifurushi kitolewe. Mdhamini alijibu ndani ya saa moja: "Ndiyo maana huwa nauliza maswali." Baada yake wengine wakaingia kugombana kama orodha ya maneno inaweza kuwa na mwenyewe hata kidogo. Waligombana mpaka mlango ukafungwa. Hakuna aliyemtaja mwalimu. Kibukusu hakikuingia, na mimi nikamwandikia mdhamini kwamba sitamhitaji tena.

Nilishuka kumwambia mwalimu. Alifungua mlango nusu.

"Wamekitoa," nikasema.

"Kwa sababu ya mstari wangu?"

"Ndiyo."

"Basi wakae bila. Na jina langu?"

"Limetoka pia."

"Nionyeshe."

Nikamfungulia kwenye simu ukurasa ambako kifurushi kilikuwa. Aliishika mwenyewe, akasoma pale mlangoni kuanzia juu, akisogeza kwa kidole taratibu, mpaka ukurasa ukaisha. Kisha akarudi juu akaanza tena. Mimi nikasubiri koridoni.