Mambo ya Ndani

Nyumba tuliyopanga Kariakoo ilikuwa na vyumba sita na ukumbi mrefu katikati, na mama mwenye nyumba hakuwa mtu wa kufumba macho. Siku moja mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa akimpiga mkewe, akapaza sauti kwamba tusiingilie, hayo ni mambo ya ndani. Mama akaenda na mchi wa kutwangia, akagonga mlango mpaka komeo likang'oka. "Ndani ya nani?" akamuuliza. "Hii nyumba yangu!" Jioni ile yule bwana alihama. Mke akabaki.

Katika chumba kilichokabiliana na changu alikaa mwalimu wa kike kutoka nchi moja ya jirani. Nchi yenyewe siitaji, maana ana ndugu waliobaki huko. Mumewe alichukuliwa na askari wa serikali yao kwa sababu ya kabila lake, wakamuua, naye akavuka mpaka na mtoto mgongoni. Kwetu alipata kazi ya kufundisha chekechea, akawa dada yangu wa kuazimana chumvi na kusukana nywele.

Mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali kule Posta. Miaka ile tulipelekwa kwenye maandamano kwa lori, ofisi nzima, na mimi nilikwenda kwa moyo wangu wote. Mara moja tulisimama mbele ya ubalozi wa taifa kubwa lililokuwa likiwauzia silaha makaburu. Dada alikuja pia, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Akatoka ofisa mmoja na tai yake, akapokea waraka wetu, akasema serikali yake inasikitika, lakini yale yalikuwa mambo ya ndani ya Afrika Kusini. Tulimzomea! Mkuu wetu wa idara alipanda juu ya lori akauliza: mtu akichinjwa, ndani ni wapi na nje ni wapi? Nilimpigia makofi mpaka viganja vikaniwaka.

Haikupita miezi mitatu, mkuu huyo huyo akaniita na daftari langu la hatimkato, anisomee barua ya kuandika. Dada alikuwa ameomba kibali cha kukaa nchini, kama walivyopewa wapigania uhuru wa kusini. Rais wa nchi yake alitarajiwa Dar wiki mbili baadaye, na sisi tulishaambiwa tujiandae kumpungia vibendera.

"Mzee," nikasema, "huyu namfahamu. Waliomuua mumewe..."

"Waliomuua ni Waafrika wenzake. Nchi yao ilishapata uhuru, yeye anadai uhuru gani tena? Andika."

Nikaandika. Barua ilianza na "Ndugu", kama barua zote za siku zile, ikamalizia kwa kumpa siku saba arudi kwao, kwa kuwa serikali haiwezi kuingilia mambo ya ndani ya nchi rafiki. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, nikiwa bibi mwenye wajukuu. Makaburu walikuwa mbali. Kuwatukana hakukutugharimu kitu. Rais huyu alikuwa jirani, anakuja kula pilau na wakubwa. Lakini na mimi je? Ningeweza kuiacha ile taipu nikatoka. Sikutoka. Chini kushoto nikaweka herufi mbili za mwanzo za majina yangu, kama utaratibu ulivyomtaka kila mpiga taipu.

Barua ilifika Jumamosi. Mama mwenye nyumba, ambaye hakujua kusoma, alitukuta nayo ukumbini, akanitaka niisome kwa sauti. Nikasoma. Dada alikaa ubavuni pangu, macho yake yakifuata mstari kwa mstari, na nilijua yalipofika chini. Zile herufi alizijua vizuri, yeye ndiye aliyezidarizi kwenye foronya zangu.

"Mambo ya ndani!" Mama akafoka. "Nani kaandika upuuzi huu? Nitajieni, nimwendee na mchi wangu!"

Dada akaichukua barua mkononi mwangu, akaifunika ile kona kwa kidole gumba.

"Serikali, mama," akasema.