Mfuko wa Kulazia Bunduki

Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mwaka 1944, huko Burma, nilimpoteza Hoza, mtoto wa mjomba wangu. Naandika yale niliyoyaona tu.

Kabla ya hapo nilifanya kazi kwa mzungu mmoja mwenye shamba juu ya Lushoto. Alipenda kulenga shabaha, lakini macho yake yalikwisha kuingia ukungu, basi akanifundisha nimjaribie bunduki zake. Palikuwa na benchi na meza nzito ya mti wa mkulo, na juu ya meza mfuko wa kulazia bunduki. Mfuko kama huo hujazwa mchanga, lakini mchanga uko mbali, chini Mombo. Mfuko wetu ulijaa maharage.

Siku moja Hoza alishuka kutoka Mtae kuniletea boga, akanikuta nimekaa pale mezani. Kwetu mtu na binamu yake ni watani.

"Umekaa kama bibi anayechambua mboga," akasema. "Hiyo nayo kazi ya mwanamume?"

"Kaa wewe, tuuone huo uanaume."

Nilimpa bunduki tupu, haina risasi. Mtutu ulicheza kama mkia wa mbuzi. Nikamwonyesha: miguu yote miwili ardhini, viwiko mezani, bunduki ilale mfukoni, kitako kibane bega. Toa pumzi nusu, zuia. Usivute kifyatulio mpaka utulie. Alijaribu hadi adhuhuri. Mwishowe niliweka harage moja juu ya mtutu, akavuta, harage halikuanguka. Alicheka hadi akasahau kunipa boga.

Mwezi uleule tuliandikishwa jeshini sote wawili. Mama yake, mkaza mjomba wangu, alimshonea mfuko kama ule wa mezani kwa kipande cha kanga yake. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye mkubwa. Nirudishie huyu."

"Nimesikia, mama."

Kambini hapakuwa na meza. Tulilala kifudifudi, bunduki mikononi, na Hoza hakupata shabaha hata moja. Mkufunzi akasema akikosa tena atapelekwa jikoni akapike. Hoza aliona aibu, nami nikaona aibu kwa ajili yake. Nikamwambia, "Jaza mfuko wako udongo. Laza bunduki juu yake, halafu usivute mpaka utulie." Akafanya hivyo, akapata. Jikoni hakwenda.

Burma tulichimba mahandaki mengi katika matope. Kila mahali Hoza alimwaga udongo wa jana na kujaza wa pale.

Asubuhi ile tulikuwa tunapanda kilima chenye mianzi. Ukungu ulikuwa kama wa kwetu. Wajapani wakatupiga kutoka juu.

Tukalala chini.

Hoza alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, nyuma ya gogo. Angeweza kupiga palepale alipolala. Sisi wengine tulipiga hovyo, tukaishi. Yeye aliutoa mfuko, akainuka kwa kiwiko ili auweke juu ya gogo.

"Hoza, lala!"

"Ngoja nitulie, mtani."

Akalaza bunduki. Akatoa pumzi nusu. Nilimwona akiizuia.

Hakuvuta.

Tulimzika kilimani palepale, bila sanda. Mfuko niliuchukua mimi, na udongo wake.

Vita vilipokwisha nilipanda Mtae kwa miguu. Habari ya kifo ilikwisha kufika kwa barua, lakini barua haikueleza kitu. Mjomba alinisihi nisimwambie mkewe zaidi ya hapo. Nilisema yote, na habari ya jikoni pia.

Mkaza mjomba akauliza, "Wale wapishi, walirudi?"

"Walirudi, mama. Wote."

Akaupokea mfuko. Akamwaga udongo nyuma ya nyumba, akaufua, akauanika uani. Hakunikaribisha kukaa, wala hakunifukuza.

Mvua za vuli zilipoanza nilipita kando ya shamba lake. Alikuwa anapanda maharage, na mbegu alizitoa katika mfuko ule, ameufunga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, akainama, akaendelea kupanda.