Nafasi ya Anti Rehema

Harufu ya kitenge kipya kikipigwa pasi hunirudisha kwenye fleti yetu ya Al Wukair, katika nchi ya Kiarabu tulikohamia, mwaka ule bendi aliyokuwamo Baba ilipotengeneza jalada la albamu yake. Kitambaa kikipata joto hutoa harufu ya wanga na rangi, na siku hiyo nyumba nzima ilijaa harufu hiyo, maana Mama alikuwa akinyoosha sare za waimbaji wote juu ya meza ya chakula. Kila albamu ilikuwa na kitenge chake, na hakuna aliyepigwa picha bila sare. Magauni na mashati ya zambarau yalitundikwa mlangoni, dirishani, hata kwenye kiti cha Baba. Nilikuwa darasa la tatu, na kazi yangu ilikuwa kulilinda gauni la Anti Rehema lisiguswe na mtu.

Anti Rehema hakuwa ndugu yetu wa damu. Alifanya kazi za nyumbani kwa familia moja hapo mjini, na Ijumaa akipewa ofu, siku yake ya mapumziko, alikuja kwetu kufanya mazoezi, kula ugali na kunisuka, huku akilalamika kwamba nywele zangu zitamvunja vidole. Ndiye aliyeongoza wimbo uliobeba jina la albamu. Mama yake, kule nyumbani Webuye, hakuwa amemwona tangu aondoke, na Anti alitaka jambo moja tu: mama amwone kwenye jalada, amependeza, maghorofa ya West Bay yakiwa nyuma yake.

"Ajue sijapotea," alisema.

Ijumaa ya picha madam wake akapata wageni, ofu ikafutwa. Tulisimama Corniche, kando ya bahari, jua likianza kulegea, Mwalimu Otieno, kiongozi wa bendi, akiwapanga watu.

"Hatuwezi kungoja," alisema, akimwelekeza Baba kwa kidole. "Lakini nafasi yake iachwe. Baba Neema atamwingiza na kompyuta."

Ndivyo tulivyozoea kufanya, kwa sababu ofu za watu wote ziliangukia siku moja kwa nadra sana. Nikasimamishwa katikati ya mstari nikishika gauni lake kwenye hanga, wapate kukadiria upana wake. Kisha nikaambiwa nitoke, picha ikapigwa. Anti angepigwa yake Ijumaa iliyofuata, mbele ya shuka jeupe sebuleni kwetu.

Hakuja. Aliumwa kichwa ghafla, akapelekwa hospitali, akafariki kabla hata hatujajua kwamba amelazwa. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Shuka lilikuwa bado limetundikwa ukutani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulishusha.

Bendi ilikutana kwetu kuamua. Wengine walitaka watu wasogezwe, pengo lizibwe. Mwalimu Otieno akashauri uso wake ukatwe kutoka picha ya simu, ubandikwe kwenye mwili wa mwimbaji mwingine. Mama, ambaye hakuwa na desturi ya kuingilia mambo ya bendi, akasema, "Mamake atajua hayo mabega si ya mtoto wake." Baba akafunga kompyuta.

Jalada likatoka hivyo hivyo, watu upande huu na upande ule, na katikati bahari ikionekana. Mwimbaji mmoja aliyekuwa akienda likizo aliifikisha CD Webuye. Mama yake Anti alipopiga simu, Baba aliweka spika ili sote tusikie.

"Nimeona mahali mlimwachia," alisema. "Asanteni."

Leo mimi ni nesi, naishi Al Sadd, na jalada la albamu limekuwa kipicha cha ukubwa wa kucha kwenye simu. Majuzi bendi iliamua kuzipandisha nyimbo za zamani mtandaoni, na Kevo, kijana wetu wa gitaa, akanionyesha jalada alilolisafisha.

"Dada, hiyo gap nimeiziba. Si iko poa?"

Watu walikuwa wamekaribiana bega kwa bega, wakitabasamu. Jambo ambalo Baba hakuthubutu kulifanya, simu ilikuwa imelimaliza mara moja. Iliniuma sana, ingawa sikumkasirikia Kevo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza. Nikamwekea ule wimbo. Sauti ya Anti Rehema ilipoingia, akaacha kugusa simu, akasikiliza, kisha akaitazama tena picha.

"Wueh! Huyu anaimba. Ni nani hapa?"

"Ni huyo umemtoa," nikamwambia. "Mrudishe."