Santuri Iliyonipeleka Jikoni

Jumapili ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilikoweka miwani. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mfanyakazi wa kiwanda cha pareto hapa Nakuru, suruali pana chini na kichwa kikubwa juu. Tuliishi Bondeni katika vyumba viwili na jiko la nje: mimi, Baba aliyefanya kazi karakana ya reli, na mdogo wangu Nafula. Mama alikuwa nyumbani Bungoma akilima.

Rafiki yangu Otieno alikuwa amerudi kutoka Nairobi na santuri ya rege ya Wajamaika. Kwenye jalada walisimama wanaume watano wenye nywele za misokoto, ngumi zao juu. Tuliambiwa wanaimba kuhusu haki, na hiyo ilitutosha. Nikaanza kusalimia watu kwa ngumi. Msimamizi wetu kiwandani nilimwita mkoloni, akiwa mbali bila shaka.

Gramafoni yangu ilikuwa imeharibika. Mchana huo akaja Mzee Gurdit, Kalasinga, Mhindi wa kilemba mwenye ndevu nyeupe aliyetengeneza redio za mtaa mzima. Alipomaliza akaketi asikilize kama sauti imetulia. Tukaweka santuri, besi ikatikisa vikombe, nasi tukaimba kwa nguvu maneno tusiyoyajua.

"Kelele mingi," Mzee Gurdit akasema. "Huyu mtu anasema nini?"

Otieno akanitazama, nami nikatazama jalada. Kiingereza kile hakikuwa cha shuleni kwetu. Nafula, aliyekuwa akileta chai, ndiye aliyejibu.

"Anasema wale wanaofanyia wengine kazi bila kuulizwa wanataka nini, siku yao imefika. Na anasema anayekukalia shingoni anaweza kuwa ndugu yako."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Mnaipiga kwa Otieno kila siku nikiteka maji pale. Nyinyi mnacheza. Mimi nasikiliza."

"Msichana kama huyu anasoma wapi?" Mzee akauliza.

Nafula akainama kupanga vikombe. Otieno, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na kufuli, akasema, "Ameitwa Form One, lakini haendi. Nani atapikia hawa wawili?"

Mzee Gurdit akainua sindano ya gramafoni.

"Kijana, hiyo ngumi yako, hebu nione."

Nikainua.

"Mkono mzuri. Inaweza kushika mwiko?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ukweli, mwanangu, ni kwamba karo Mama alikuwa nayo tayari. Barua ya shule ya bweni ilikaa wiki tatu nyuma ya saa ya ukutani, na Nafula alitakiwa kuripoti Jumanne. Baba aliniuliza mimi, mtoto wa kwanza, tufanye nini. Nikajibu, "Abaki tu." Nilikuwa nikifikiria mashati yangu na nani atayapiga pasi. Kwa maneno hayo mawili niliifunga shule ya mdogo wangu, kisha nikatoka kwenda kuimba haki!

Sasa, kwetu mwanamume aliyetahiriwa hagusi mwiko. Si sheria ya mchezo. Wazee walisema utaiaibisha nyumba. Nikaingia jikoni hata hivyo. Otieno akakimbia, akisema yeye hataki kushuhudia laana. Nafula alisimama mlangoni akicheka mpaka akakaa chini. Ugali ule ulikuwa na madonge, na chini uliungua, lakini niliupindua kwenye sinia.

Baba akarudi kutoka kanisani, akanikuta nina unga puani.

"Wekesa, umerukwa na akili?"

"Baba, nilikushauri vibaya. Nafula aende shule. Nitapika mimi."

Alinawa mikono, akakaa, akamega tonge, akatafuna muda mrefu kweli. Baba hakuwa mtu wa kubadilisha neno.

"Ni mbichi," akasema mwishowe. Kisha akageuka. "Nafula, sanduku lako liko wapi?"

Yule msichana alipiga yowe hadi majirani wakatoka! Jumanne nilibeba sanduku lake begani, mchana kweupe, nikapita nalo katikati ya Bondeni. Vijana wakaniita mpishi. Nilitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Leo Nafula ni daktari wa mifugo aliyestaafu, na wafugaji wa Olenguruone bado wanamfuata nyumbani kumuuliza habari za ng'ombe wao.

Basi nisikilize, mwanangu. Piga nyimbo zako za haki, hata kwa sauti ya kutikisa mabati. Lakini kabla hujamtafuta mkandamizaji barabarani, tazama kwenu ni nani anaosha vyombo, na kama aliwahi kuulizwa anataka nini. Ukigundua ni neno lako lililomfungia mtu njia, usingoje kesho. Rudi kwa yule yule uliyemwambia, ulitengue mbele yake, kisha ushike kazi uliyokuwa umemwachia mwingine.

Mungu akupe masikio ya kusikia hadi mwisho wa wimbo. Akupe ujasiri wa kusema "nilikosea" ungali kijana. Na wale utakaowafungulia njia wafike mbali kuliko wewe, nawe ufurahi.