Amri Iliyopewa Jina la Nyingine

Jina la aliye hai hapewi mwingine. Hiyo ndiyo kanuni iliyomlea Metrine Akoth kule Kosele. Nyanya yake Marcella hakuruhusu mjukuu yeyote aitwe jina la mzee ambaye bado anajinywea uji wake mwenyewe. Mtoto atasubiri, alisema, mpaka mwenye jina apumzike. Metrine aliishika kanuni hiyo kwa wanawe wote. Aliivunja kazini, na wala hakujua kwamba ameivunja.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo mjini Homa Bay iliyotoa vijitabu vya afya kwa Kidholuo na Kikuria. Yeye ndiye aliyeitengenezea programu ya kuandikia nyongeza ya kutunza matoleo. Mpiga chapa alipokamilisha kazi ya siku aliandika amri moja, "maliza", na maandishi yakawekwa salama. Toleo la jana halikufutwa. Lilibaki nyuma ya la leo, ili likihitajika lipatikane.

Mwaka wa 1997, mvua zilipokuwa zikibomoa barabara, Metrine aliona jina hilo halielezi kazi yake. Akaibadilisha amri, ikawa "hifadhi". Hapo hakukosea. Kosa ni kwamba jina "maliza" lilibaki bila kazi, akalipa amri mpya: ya kufunga faili bila kuweka chochote, kwa wale waliofungua kusoma tu. Akawatangazia wenzake wakati wa chai. Mzee Zablon Nyamhanga hakuwapo. Alikuwa kwao Kehancha, mazishini.

Mzee Zablon ndiye aliyepiga chapa vijitabu vya Kikuria. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini vidole vilijifunza kwenye taipureta tangu ujana na havikuhitaji macho. Aliporudi alikuta kijitabu cha kipindupindu kinamngoja, maana upande wa Migori watu walikuwa wameanza kuugua. Akaandika kutwa nzima. Jioni akaandika "maliza", kama siku zote, akaenda zake.

Asubuhi faili lilikuwa tupu.

"Mzee," alisema Bwana Mokaya, mkuu wa ofisi, "jana ulikuwa unapiga taipu au unapiga usingizi?"

"Niliandika. Niliandika yote."

"Labda aliandika kwa wino wa maji," alidakia Maurice wa mezani pa pili, na watu wakacheka.

"Wewe Maurice, nilikuwa napiga chapa kabla babako hajaoa," mzee alimjibu.

Mokaya hakucheka. "Mzee wangu, macho yamekwisha. Nenda nyumbani ukapumzike, tutafute kijana."

Metrine alikuwa amesimama mlangoni, na alishaelewa. Wiki hiyohiyo jina lake lilikuwa limependekezwa kwa kozi ya mwaka mmoja Nairobi, na baada yake angerudi akiwa mkuu wa kitengo. Angenyamaza, hakuna ambaye angekumbuka kwamba mzee hakuwapo amri zilipotangazwa. Watu husema kosa la kutojua si kosa. Lakini ukishajua ukanyamaza, hilo ni kosa jingine, na kubwa zaidi.

"Bwana Mokaya, mzee hana hatia," alisema. "Amri aliyoizoea niliipa jina jipya, kisha jina lake la zamani nikalipa amri inayofunga faili bila kuhifadhi kitu. Mimi ndiye niliyemfutia."

"Unajua unasema nini, Metrine? Na wiki hii?"

"Najua."

Mokaya akasema basi mzee abaki, akaingia katika chumba chake cha kazi.

Metrine alikaa kwenye kompyuta. Akairudishia "maliza" kazi yake ya kwanza, "hifadhi" nayo akaiacha ifanye kazi ileile, ili kila mtu atumie aliyoizoea. Amri ya kufunga akaipa jina ambalo halijawahi kuwa la kitu chochote pale. Kisha akavuta kiti karibu na mzee, akamsomea maandishi ya muuguzi aliyekitunga kijitabu, mstari kwa mstari, naye Zablon akapiga chapa upya.

"Soma polepole, binti yangu. Kikuria chako cha Mjaluo kinanuka samaki."

"Andika tu, mzee. Nikikosea, rekebisha."

Walipofika mwisho, mzee akaandika "maliza", akafungua tena kuhakikisha. Maneno yote yalikuwepo. Kijitabu kikawahi mtambo wa kuchapa.

"Asante, mama," alisema Zablon. "Umenirudishia mikono yangu."

"Asante wewe, mzee, kwa kutonikasirikia."

Zablon aliporudi tena kutoka Kehancha alimletea unga wa wimbi, na kila alipokwenda kwao hakurudi bila huo unga, hata baada ya kustaafu kwa heshima yake. Metrine aliukoroga uji, akawaambia wanawe ulikotoka.

Kozi alipelekwa Maurice. Metrine hakupelekwa mwaka huo wala mwaka mwingine wowote, na cheo cha mkuu wa kitengo hakukipata.