Majivu ya Baba, Mchicha wa Mama

Nilipomaliza shahada ya kemia nilirudi nyumbani Kalerwe, nikakuta ua umejaa sola zilizokufa. Baba, askari polisi mstaafu kutoka kaskazini, sasa alikuwa fundi. Akimfungia mtu sola mpya, alibeba ile mbovu pamoja na betri yake. Paneli zilizopasuka aliezekea banda la kuku. Betri alizipasua kwa panga, akamwaga asidi mtaroni, akaosha mabamba ya ndani na kuyapeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kabla ya kumwaga, alichanganya asidi na majivu ya jikoni kwenye beseni. Povu likitulia, alichovya kidole na kunionyesha.

“Unaona? Imekufa. Hii hamkufundishwa chuoni.”

Tulifundishwa. Majivu huua ukali wa asidi kweli. Lakini madini ya risasi yanayotoka kwenye mabamba yale ni sumu, nayo hayafi, yanabaki kwenye maji yale yale, na mtaro ulipita kando ya mchicha wa Mama. Mchicha huo ndio aliompondea mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anaanza kula.

“Hayo madini uliona wapi?” Baba aliuliza.

“Hayaonekani, Mzee.”

“Afande, mwache,” Mama akacheka. “Miaka mitatu amesomea vitu visivyoonekana.”

Siku nzima nilizunguka ua. Nilijishuku hata mimi. Sikuwa nimepima chochote, na maabara ya chuo haikuwa yangu tena. Je, kama nawatisha bure? Na nikisubiri mpaka nipate hakika, mtoto atakuwa amekula mara ngapi?

Jumamosi asubuhi nilimkuta Mama ameinama anachuma, mtoto mgongoni. Nikamshika mkono.

“Una hakika?” aliuliza. Safari hii hakucheka.

“Sina. Lakini sitaki ale.”

Akamwaga kilichokuwa kikapuni. “Basi ng’oa wote. Na wewe ndiye utamwambia Afande.”

Niling’oa wote, na mizizi. Kisha nikasimama na rundo mikononi bila kujua pa kulitupa. Mtaroni lingeshuka kwa wanaolima magimbi huko chini. Mbuzi wa jirani walikwisha kulinusa. Ndipo Baba alipotokea na beseni lake limejaa, akaona udongo mtupu.

“Sasa hizo mboga utaziweka wapi?”

“Sijui. Na hilo beseni, Mzee, usimwage kwanza.”

Alisimama pale amelishika, anautazama mtaro, kisha mimi.